Simu Isiyovunjika Iliuawa na Uamuzi Mmoja



Kila mwaka bonasi ya chai ikiingia, mwezi wa kumi hivi, Litein hushikwa na homa. Magodoro juu ya boda, mabati, TV, na watu wamejaa kwa maduka ya simu. Nimekulia hiyo homa. Ukitaka kujua historia ya simu Kericho na Bomet, achana na matangazo. Angalia mkulima anatoka dukani na simu gani.

Kwa miaka mingi alitoka na Nokia. Ile 1100 ilizinduliwa 2003 na ikauzwa zaidi ya milioni 250 duniani. Ilikuwa na tochi kichwani, vitufe vya mpira visivyoingiza vumbi, na betri ya kukaa siku kadhaa. Huku kwetu hayo hayakuwa mapambo. Nyumba nyingi hazikuwa na stima, simu ilipelekwa senta kuchajiwa kwa pesa. Kogo wangu aliishika yake kwa meno gizani akikamua ng'ombe, mikono yote miwili iko kazini. Ndiyo maana watu waliiita mulika mwizi.

Sasa ingia duka lolote Kapkatet, Sotik au Bomet mjini. Utaona Tecno, itel, Infinix (hizo tatu ni za kampuni moja, Transsion ya China), halafu Samsung. Nokia iko pale kona, kwa bei ya chini. Ilienda wapi?

Jibu la mtandaoni huwa ni moja: "Nokia ililala." Mimi nakataa. Nokia ilikuwa inauza simu zenye intaneti kabla Apple haijaonyesha iPhone mwaka wa 2007. Zilitumia mfumo wa uendeshaji unaoitwa Symbian, na 2008 Nokia iliununua wote. Shida ni kwamba Symbian ilizaliwa enzi za vitufe. Simu za kupangusa zilipokuja, kuibadilisha ilikuwa kama kufanya matatu iwe ndege huku abiria wako ndani. Mwaka huo huo wa 2008, simu ya kwanza ya Android ikatoka.

Septemba 2010, Nokia ilimleta mkurugenzi mpya, Stephen Elop, Mkanada aliyetoka Microsoft. Februari 2011 aliwaandikia wafanyakazi barua iliyovuja dunia nzima. Aliifananisha Nokia na mtu aliyesimama kwa mtambo wa mafuta unaoungua katikati ya bahari: abaki aungue, au aruke kwa maji baridi. Mbele yake kulikuwa na milango mitatu. Aendelee na mifumo ya nyumbani, aende Android, au aende Windows Phone ya Microsoft. Tarehe 11 Februari 2011, huko London, alitangaza Windows Phone.

Kabla ucheke, sikiza sababu zake, kwa sababu hazikuwa za kijinga. Android ilikuwa tayari imejaa watengenezaji, na Elop aliogopa kampuni moja kubwa ingekuja kuwameza wengine wote humo ndani. Baadaye Samsung ikafanya karibu hivyo. Tena Microsoft iliahidi pesa, na ikawa inalipa Nokia kama dola milioni 250 kila miezi mitatu. Ukiwa na deni la fatalaiza halafu mtu akuahidi pesa kama hizo, pia wewe ungeangalia karatasi mara mbili.

Alichokosea ni kitu ambacho mkulima yeyote wa chai angemwambia bure.

Fikiria kituo cha kununulia majani. Majani yakishachumwa hayangoji, lazima yafike kiwandani siku hiyo. Sasa mtu ajenge kituo kipya kizuri, mizani safi, paa jipya, lakini lori halipiti. Utapeleka kikapu chako huko? Hapana. Na lori halitakuja kwa sababu hakuna majani. Lori linafuata majani, majani yanafuata lori. Mfumo wa simu ni hivyo hivyo. Watengenezaji wa apu wanaenda walipo watumiaji, na watumiaji wanaenda zilipo apu. Simu za Lumia zilikuwa kituo kizuri. Hata wakosoaji walisifu kamera na umbo lake. Lakini Instagram ilifika Android Aprili 2012, na kwa Windows Phone ikafika Novemba 2013, tena kama toleo la majaribio. Na 2012 Microsoft ikatoa Windows Phone 8, halafu ikasema waliokwisha nunua Lumia za kwanza hawataipata. Wale wachache waliokuwa wameleta kikapu, wakafungiwa mlango.

Wakati huo Kenya ilikuwa na lori lake. Mwaka huo huo wa 2011, Safaricom iliuza Huawei IDEOS, simu ndogo ya Android, kwa kama shilingi 8,000. Iliripotiwa kuuzwa zaidi ya 350,000. Kwa wengi ndiyo ilikuwa simu yao ya kwanza ya kupangusa. Microsoft ilijaribu kujibu Februari 2013 na Huawei 4Afrika, simu ya Windows iliyoletwa nchi saba za Afrika, Kenya ikiwemo. Lakini kufikia hapo, majani yalikuwa yashaenda kwingine.

Na hapa ndipo hii hadithi inatuhusu sisi hasa. M-Pesa ilianza 2007 ikiwa ndani ya laini ya simu. Haikujali una mfumo gani. Mulika mwizi ya kogo ilipokea malipo ya chai sawa na simu ya meneja wa shamba. Lakini 2014 Tala ilianza Kenya ikiitwa Mkopo Rahisi, na hiyo ilikuwa apu ya Android. Ilisoma meseji zako za M-Pesa, ikakupima, ikakukopesha. Kwa mara ya kwanza, mfumo wa simu yako uliamua kama utapata pesa au hutapata. Mtu mwenye Lumia ya bei ghali alikuwa nje. Mwenye Android ya bei ya chini alikuwa ndani. Iwe unaona hiyo mikopo ni baraka au ni balaa, mlango ulikuwa mmoja.

Mengine ni mazishi. Februari 2014 Nokia ilionyesha Nokia X, simu ya Android, miaka mitatu imechelewa. Aprili hiyo biashara yake ya simu ikaingia mikononi mwa Microsoft kwa mkataba wa euro bilioni 5.44. Julai 2015 Microsoft ikafuta dola bilioni 7.6 kama hasara na kupunguza watu 7,800. Tarehe 31 Desemba 2019, WhatsApp ikaacha kufanya kazi kwa Windows Phone zote. Simu nzima, kioo kizima, betri nzima, lakini haiongei na mtu.

Lakini msinifurahie haraka. Woga wa Elop ulikuwa na ukweli ndani yake. LG ilichagua Android, na 2021 ikafunga biashara ya simu. Android haikuwaokoa wote, iliokoa wale waliojua kuuza kwa bei ya mkulima. Tecno ilituletea laini mbili kwa simu moja wakati kupiga mtandao mwingine kulikuwa ghali, na simu ikaingia kwa bajeti ya bonasi.

Na sisi wanunuzi? Tumebaki na kituo kimoja. Mwaka wa 2020 ilikuja Lipa Mdogo Mdogo, ulichukua simu kwa shilingi 20 kwa siku, na usipolipa ilifungwa ukiwa umeishika mkononi. Tangu 2023 tunaunganisha simu zetu Athi River, na hiyo ni hatua, naipongeza. Lakini roho ya hizo simu bado ni Android, na inaamuliwa California. Sisi watu wa chai tunajua hiyo hali. Majani ni yetu, bei inasomwa mnada wa Mombasa.

Kwa hivyo bonasi ikiingia mwaka huu, ukimsindikiza mzazi wako dukani, usiulize kamera ni megapikseli ngapi. Uliza hii simu itapata masasisho kwa miaka mingapi, na ni nani anaweza kuifunga. Muuza duka akikosa jibu, songa duka linalofuata.