Mkahawa Uliozaa Gazeti

Neno letu mkahawa, lililochipuka katika kahawa, hunipeleka London ya mwaka 1691, Edward Lloyd alipouhamishia mkahawa wake Lombard Street. Kwake walikutana manahodha, wenye merikebu na watu wa bima, wakiulizana chombo kipi kimewasili na kipi kimezama. Wasomaji, basi, alikuwa nao kabla ya karatasi. Mwaka 1696 akatoa Lloyd's News. Likakoma 1697, baada ya habari moja kuwaudhi wakubwa wa Bunge. Wako waliohesabu kwamba limeshindwa. Mimi sikubali, kwani baraza halikuvunjika. Lloyd alifariki 1713. Mwaka 1734 jina lake likarudi juu ya Lloyd's List, gazeti la habari za meli.