Kusi la Ziwa Nyasa na Wageni Wake

Wapwani waijuao kusi huenda wasijue kwamba pepo hizo huvuma pia bara, katika Ziwa Nyasa. Huko zabanwa baina ya milima, zikakimbia juu ya maji pasipo kizuizi. Ziwa lililolala alfajiri likaamka adhuhuri na mawimbi ya bahari kuu. David Livingstone, baada ya kulisafiri mwaka 1861, aliliita Ziwa la Tufani.

Wamisionari Waingereza waliomfuata hawakuizoea tabia hiyo upesi. Askofu Chauncy Maples, aliyewekwa wakfu mwaka 1895, alikuwa na haraka ya kurudi Likoma. Tarehe 2 Septemba mwaka huo mashua yake ya tanga ilizamishwa na dhoruba usiku. Akafa maji pamoja na mwenzake, Joseph Williams. Wala ukubwa wa chombo haukuwa kinga: tarehe 30 Julai 1946 ilizama meli Vipya, wakafa watu 145. Misiba yote miwili ilitukia majira ya kusi.

William Percival Johnson, aliyefika ziwani mwaka 1882, alidumu. Alijifunza Kinyanja hata akaifasiri Biblia, na ajifunzaye lugha ya wavuvi husikia pia wanenapo kwamba leo hapasafiriwi. Alifariki mwaka 1928 akazikwa Liuli, ufukweni, katika wilaya ambayo leo inaijumuisha pia Liparamba. Kaburi lake li katika nchi kavu. Si haba, kwa mtu aliyelisafiri ziwa hilo zaidi ya miaka arobaini.