Valvu Haijazikwa

Wageni wakija kwangu huipita runinga bila kuiangalia, kisha husimama mbele ya kisanduku chenye vioo viwili vinavyowaka rangi ya chungwa. Swali huwa lile lile: “Na hii kitu ni ya nini?”

Ni priamplifaya. Sindano ikipita kwenye mfereji wa santuri hutoa umeme mdogo mno, kama milivolti 5 hivi. Ukiupeleka moja kwa moja kwenye ampifaya ya spika, hutasikia kitu cha maana. Lazima awepo wa katikati, aukuze kwanza. Tena airudishe besi iliyopunguzwa makusudi santuri ilipochongwa, ili mifereji isiingiliane, na azishushe sauti nyembamba zilizopandishwa ili kufunika mikwaruzo. Kipimo cha marekebisho hayo kilikubaliwa Marekani mwaka wa 1954, na ndicho tunachofuata hadi leo.

Sasa, kazi hiyo yote inawezwa na kipande cha silikoni cha bei ya nauli ya matatu. Mbona basi natumia valvu, kitu kilichotangazwa kufa kabla mamangu hajazaliwa? Jibu langu ni la historia zaidi kuliko la masikio.

Mwaka wa 1904 huko London, John Ambrose Fleming alichukua globu ya taa iliyoondolewa hewa, yenye kipande cha chuma kando ya waya wake. Waya ukishika moto, elektroni huuruka na kutua kwenye kile chuma, lakini hazirudi. Njia ni ya kwenda tu. Ndiyo maana Waingereza waliiita valvu, kama ile ya tairi la baiskeli inayoingiza hewa na kukataa kuitoa. Miaka miwili baadaye, Mmarekani Lee de Forest akatia waya wa tatu katikati, kama wavu. Hapo ndipo mambo yalibadilika. Umeme kidogo tu kwenye wavu huo hutawala mkondo mkubwa unaoupita. Mnong'ono ukapata uwezo wa kuamrisha kelele. Redio, sinema zenye sauti, simu za masafa marefu, zote zilipitia hapo. Kompyuta ya ENIAC, iliyozinduliwa Marekani mwaka wa 1946, ilikuwa na valvu takriban 18,000.

Kwetu, valvu iliingia na serikali. Nairobi ilianza kurusha matangazo ya redio mwaka wa 1928, na walengwa walikuwa walowezi. Mwafrika alikumbukwa kwa dhati wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, wakoloni walipohitaji kuzungumza na familia za askari. Kisha mwaka wa 1949, katika nchi tunayoiita Zambia leo, ikatoka redio ya betri yenye valvu nne, gamba lake likiwa na umbo la sufuria. Ikaitwa Saucepan Special, bei pauni 5. Serikali iliitaka ili iwaongeleshe watu. Watu nao wakaitumia kusikiliza ngoma.

Kufikia wakati huo, hukumu ya valvu ilikuwa imeshaandikwa. Desemba 1947, wanasayansi wa Bell Labs, Marekani, walikuwa wameonyesha transista: ndogo, baridi, haili stima nyingi, haivunjiki ikianguka. Redio ikaingia mfukoni. Huko Magharibi, viwanda vya valvu vikaanza kufungwa kimoja baada ya kingine.

Lakini hebu twende Japani. Tarehe 6 Septemba 1976, rubani Msovieti Viktor Belenko alitoroka na ndege ya kivita aina ya MiG-25 na kutua Hakodate. Wamarekani walipoifungua, wakakuta vifaa vyake vya elektroniki vimejaa valvu. Kuna waliocheka. Kumbe valvu ilikuwa na sifa zake: huvumilia joto, na huhimili mpigo wa umeme wa bomu la nyuklia kuliko transista. Wasovieti waliendelea kuziunda kwa sababu bado walikuwa na kazi nazo.

Wengine waliobaki na kazi nazo walikuwa wapiga gitaa. Valvu ikizidiwa na sauti, haikatiki ghafla. Hupasuka taratibu, na mpasuko huo ndio roho ya gitaa la roki. Usovieti ulipovunjika, viwanda vyake vikahitaji wateja wapya. Mike Matthews wa Electro-Harmonix, kampuni ya Marekani ya vifaa vya gitaa, hatimaye akanunua kiwanda kilichoko Saratov, kando ya mto Volga. Kule Slovakia, JJ Electronic nayo ikashika kazi hiyo miaka ya 1990. Kwa hivyo nikiwasha priamplifaya yangu, nabebwa na jeshi la dola iliyokufa na vijana wenye magitaa. Sisi wa santuri tulidandia tu.

Machi 2022, baada ya Urusi kuivamia Ukraine, Moscow ilizuia bidhaa zaidi ya 200 zisiuzwe nje, valvu zikiwemo. Zuio lililegezwa baadaye, lakini muuzaji wangu wa mtandaoni hakungoja. Bei ilipanda wiki hiyo hiyo. Kisanduku cha sebuleni Nairobi kikahisi vita vya mbali.

Valvu zangu ni ECC83. Jina lenyewe ni maelezo: E ni moto wa volti 6.3, C mbili ni valvu mbili za nyavu ndani ya kioo kimoja. Raha ya kumiliki chombo hiki ni kwamba unaweza kuchomoa moja, ukachomeka ya kiwanda kingine, ukasikiliza. Mimi hufanya hivi: ngoma ile ile, sauti kiwango kile kile, rafiki abadilishe mimi nikiwa nimegeuka. Nisipoona jina, tofauti nyingi huyeyuka. Inayobaki mara nyingi ni ya kelele: moja imetulia, nyingine inavuma. Igonge kwa upole na upande wa raba wa penseli. Ikilia kengele kwenye spika, itafutie mwenzake. Ila usifungue kisanduku chenyewe kama hujafunzwa. Ndani huwa na volti 250 au zaidi, na kapasita huzihifadhi hata baada ya kuchomoa plagi.

Watu husema valvu ina “joto”. Kiasi ni kweli: huongeza mwangwi mdogo wa nota ile ile, oktavu moja juu, na sikio hupendezwa nao. Ni dosari tamu. Lakini nikicheza benga ya miaka ya 1970, siwezi kukudanganya kwamba nasikia zamani ilivyokuwa. Nasikia santuri iliyochakaa ikipita kwenye kioo kilichoundwa juzi.

Ninachomiliki si zamani, basi. Ni ushahidi kwamba chombo hakifi kwa sababu kipya kimezaliwa. Hufa siku anayekihitaji na anayeweza kukitengeneza wanapokosana njiani. Hapa mjini wanaokihitaji wanaongezeka. Vijana wananunua santuri tena. Wanaotengeneza ndio wanapungua. Fundi wangu ni mzee aliyejifunzia kwenye redio za valvu, na kibandani ana mwanafunzi mmoja tu, msichana hodari wa skrini za simu. Siku hizi nikipeleka kisanduku, huwa naomba kitu kimoja kabla ya kuuliza bei: mzee akikifungua, binti aache simu kidogo, asogeze kiti.