Mtakatifu Hildegard wa Bingen, Mtawa na Mtunzi wa Nyimbo

Mtakatifu Hildegard wa Bingen (1098–1179) alikuwa mtawa Mbenediktini wa Ujerumani, mwandishi na mtunzi wa muziki mtakatifu. Watunzi wengi wa zama zake hatuwajui hata majina. Yeye ni miongoni mwa wa kwanza katika muziki wa Magharibi ambao nyimbo zao nyingi zimehifadhiwa pamoja na jina la mtunzi.

Mwaka 1136 watawa wenzake walimchagua kuwa kiongozi wao, na yapata mwaka 1150 alihamia nao Rupertsberg, karibu na Bingen. Alitunga nyimbo zaidi ya 70, maneno na sauti zake, nyingi zikiwa antifona na tenzi za kuimbwa katika ibada. Sauti hizo hupanda na kushuka kuliko ilivyokuwa desturi ya wakati ule. Katika mchezo wake wa kuimba, Ordo Virtutum, fadhila huigombea roho ya mwanadamu kwa nyimbo. Shetani peke yake haimbi, hupiga kelele tu.

Imani hiyo ilijaribiwa mwaka 1178. Watawa walikuwa wamemzika kwao mtu aliyewahi kutengwa na Kanisa. Viongozi wa Kanisa wa Mainz waliamuru mwili ufukuliwe. Hildegard, aliyekaribia miaka 80, alikataa, kwa kuwa marehemu alikuwa amepatanishwa na kupokea sakramenti kabla ya kufa. Monasteri ikanyimwa Komunyo na kukatazwa kuimba. Zaburi zikasomwa kwa sauti ya chini, milango imefungwa.

Hildegard alitii katazo hilo, lakini hakunyamaza. Aliwaandikia viongozi hao kwamba wimbo humkumbusha mwanadamu sauti aliyokuwa nayo Adamu kabla ya dhambi, na kwamba anayezima sifa za Mungu bila sababu ya haki ajihadhari asije akakosa sehemu yake katika sifa za malaika. Mwaka 1179 katazo liliondolewa, na watawa wakaimba tena. Miezi michache baadaye, tarehe 17 Septemba, alifariki dunia.

Mwaka 2012 Papa Benedikto XVI alimtangaza Mwalimu wa Kanisa, mwanamke wa nne kupewa heshima hiyo. Kanisa humkumbuka kila tarehe 17 Septemba, siku inayozifaa kwaya zetu kumshukuru Mungu kwa karama ya wimbo.