Kinywe na lithiamu: historia fupi ya upande hasi wa betri

Leo tuache programu kidogo tuzungumzie kitu kinachoziendesha, yaani betri.

Kwetu Tulia, Kitui, kabla ya sola kuenea, betri za redio zikiisha nguvu nyanya alizianika juani juu ya jiwe. Jioni redio ilifufuka kidogo, tukasikiliza taarifa ya habari, kisha kimya. Zikifa kabisa, sisi watoto tulizipasua, tukatoa kile kijiti cheusi cha kaboni na kuchorea ukutani. Zile betri hazikutengenezwa ili zichajiwe. Ya simu yako huchajiwa mara mamia, na sababu kubwa ni kaboni pia, ila ya aina nyingine: kinywe, ambacho wengine wanakiita grafaiti. Hicho ndicho kilicho upande hasi wa betri, yaani kwenye anodi.

Lakini kinywe hakikuwa chaguo la kwanza. Miaka ya 1970, Stanley Whittingham akifanya kazi katika kampuni ya Exxon huko Marekani, alitengeneza betri ya kuchajiwa yenye anodi ya lithiamu tupu, na mwaka 1976 akachapisha matokeo yake. Ukiangalia hesabu utaelewa kwa nini. Kinadharia, gramu moja ya lithiamu hubeba miliampea-saa 3,860. Gramu moja ya kinywe hubeba 372 tu. Tofauti ni zaidi ya mara kumi!

Tatizo lilikuwa wakati wa kuchaji. Lithiamu inaporudi kwenye anodi hailali sawasawa kama rangi ukutani. Huota miiba midogo. Mwiba mmoja ukitoboa utando unaotenganisha pande mbili za betri, unapata shoti, joto, halafu moto.

Kampuni ya Moli Energy ya Canada ilithubutu kuziuza betri za namna hiyo. Mwaka 1989 baadhi zilishika moto ndani ya simu za mkononi huko Japani, zikabidi zirudishwe, na kampuni ikaanguka kifedha. Biashara ya lithiamu tupu katika betri za simu ikawa imeingia doa.

Bahati nzuri njia nyingine ilikuwa imeshaanza kufunguliwa, na Mwafrika alikuwa mmoja wa walioifungua. Rachid Yazami, mzaliwa wa mji wa Fez nchini Morocco, akiwa Grenoble, Ufaransa, alionyesha karibu mwaka 1980 kwamba lithiamu inaweza kuingia katikati ya matabaka ya kinywe na kutoka tena. Fikiria kitabu: matabaka ya kinywe ni kurasa, na lithiamu hujipenyeza kati ya kurasa. Kila atomi sita za kaboni hupokea atomi moja ya lithiamu. Ndiyo maana uwezo unakuwa mdogo: nafasi kubwa inachukuliwa na nyumba yenyewe, si na wageni.

Yazami alitumia elektroliti isiyo ya majimaji, kwa sababu za majimaji za wakati ule zilikibandua kinywe tabaka kwa tabaka. Sony ilipoanza kuuza betri za lithiamu-ioni mwaka 1991, anodi yake ilikuwa ya kaboni, lakini bado si kinywe. Mwaka 1990 Jeff Dahn na wenzake, waliokuwa Moli Energy, walieleza jinsi elektroliti yenye ethilini kaboneti inavyojenga ngozi nyembamba juu ya kinywe na kukilinda. Katika miaka iliyofuata kinywe kikatawala.

Sasa sikilizeni hii. Miaka 30 baadaye, mwaka 2020, Dahn huyohuyo, safari hii akiwa Chuo Kikuu cha Dalhousie mjini Halifax, Canada, alichapisha na wenzake kazi kuhusu anodi ya mseto. Wazo ni hili: jaza kinywe kwanza, kisha endelea kuchaji ili lithiamu ya ziada ilale juu yake kama chuma tupu.

Ni kama harusi kijijini. Siku za kawaida wageni wanatosha vyumbani. Siku ya harusi vyumba vinajaa, wengine wanalala uani. Uani panakubalika kwa usiku mmoja. Ukiwalaza huko kila siku, nyumba itakushinda. Vivyo hivyo, lithiamu inayolala juu ya kinywe huchakaza betri haraka kuliko ile iliyo ndani. Kwa hiyo mwendesha boda boda ya umeme angetumia kinywe peke yake siku nyingi, na kufungua akiba ile siku ya safari ndefu tu.

Hapo ndipo mimi mtu wa programu ninapoamka. Nani anaamua leo ni harusi? Ni programu inayosimamia betri. Ikiwa na pupa, kilichoiangusha Moli kitarudi.

Na kuna jambo linalotugusa zaidi huku kwetu. Tanzania ina akiba kubwa ya kinywe, Mahenge mkoani Morogoro na Ruangwa mkoani Lindi. Kule Mererani wachimbaji wa tanzanaiti hutoka shimoni wakiwa weusi kwa kinywe. Ukanda huohuo wa miamba ya kale unapita mpaka Kitui kwetu. Betri za lithiamu tupu zikishinda, kinywe kitapoteza soko kubwa. Mseto ukishinda, kitaendelea kuhitajika. Ila leo zaidi ya asilimia 90 ya kinywe cha betri husafishwa na kuandaliwa China, na kuchimba peke yake kunaleta sehemu ndogo tu ya faida.

Siku hizi nyanya ana taa ya sola yenye betri ya lithiamu. Nilipompelekea hakuniuliza inabeba umeme kiasi gani. Aliuliza itaona mvua ngapi kabla ya kufa. Wale walioacha lithiamu tupu na kukubali kinywe walikuwa wanajibu swali hilo, na anodi ya mseto nayo italazimika kulijibu.