Safari za Kikundi cha Kusoma Mila na Historia

Mwaka huu kikundi chetu kiliazimu kwenda kuyaona kwa macho yale tuliyoyasoma vitabuni. Tulianza na Ngome ya Yesu, Mombasa, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Ikawa gereza tangu 1895 hata 1958, na mwaka 1960 ikafunguliwa kuwa nyumba ya makumbusho. Kisha tukafika Gedi, karibu na Malindi, tukaona msikiti mkuu, visima, makaburi na jumba la mfalme, yote ya mawe ya matumbawe.

Zamani waandishi wengi waliwapa wageni sifa ya kujenga miji kama hiyo. Leo wataalamu wanakubali kuwa ni kazi ya wenyeji wa pwani. Lakini Gedi iliachwa katika karne ya 17, wala watu wake hawakutuachia maandishi ya kueleza sababu. Mawe yao twayaona, bali habari zao hatuzipati.

Basi twawaomba wazee mfuatane nasi katika safari zijazo, mtusimulie mliyoyapokea, nasi tuyaandike. Mali bila daftari hupotea bila habari.