Kapteni Hamerton katika Baraza la Seyyid Said

Siku moja nilikuwa nikiwafundisha wanafunzi wangu habari za kale za Unguja, nikawasimulia jinsi Kapteni Hamerton alivyokuwa akishauriana na Seyyid Said. Mtoto mmoja akainua mkono akauliza, "Mwalimu, mtu huyu alikuwa mtumishi wa nani? Wa Seyyid, au wa wale waliomleta?" Sikuweza kulijibu swali lile upesi, nami nimelifikiri tangu siku ile. Basi nataka kuwaeleza wasomaji habari za mtu huyu kwa utaratibu, ili kila mmoja apime mwenyewe.

Atkins Hamerton alikuwa mtu wa Ireland. Katika ujana wake aliingia katika jeshi la Bombay, yaani jeshi la ile Kampuni ya Kiingereza iliyokuwa ikitawala sehemu kubwa ya Bara Hindi siku zile, akapanda hata cheo cha kapteni. Wakubwa wake waliona kwamba ni mtu wa kufaa kupelekwa mahali ambapo bunduki haina kazi, ila kusikiliza na kusema. Mwaka 1840 alisafiri kwa nchi kavu kutoka pwani ya Sharjah mpaka Buraimi, akaziangalia ngome na makabila ya sehemu zile, akawapelekea habari. Mwaka wa pili, 1841, akaja Unguja kukaa.

Alikuja na kazi mbili kwa mara moja. Alikuwa Balozi wa Malkia wa Uingereza, na tena alikuwa wakili wa ile Kampuni. Waamerika walikuwa wamemtangulia, maana walifanya mkataba wa biashara na Seyyid mwaka 1833, na balozi wao alikuwapo Unguja tangu mwaka 1837. Waingereza nao walipata mkataba wao mwaka 1839. Kwa hiyo Hamerton alikuta mji wenye watu wa mataifa mengi, kila mmoja akitaka sikio la mfalme.

Na mfalme mwenyewe hakuwa mtu wa kuchezewa. Seyyid Said alitawala Oman tangu mwaka 1806, akaihamishia Unguja enzi yake karibu na mwaka 1840, akahimiza kilimo cha karafuu, na forodha yake ikamletea mali nyingi. Lakini alikuwa na shida moja. Milki yake ilikuwa imegawanyika, nusu Arabuni na nusu Afrika, na katikati bahari. Mwenye manowari nyingi katika bahari ile alikuwa Mwingereza. Tena Wafaransa walikuwa wakijinyoshea visiwa karibu na Bukini. Seyyid alihitaji rafiki mwenye nguvu, na rafiki mwenye nguvu hasaidii bure.

Jambo ambalo Waingereza walilitaka lilikuwa kukomeshwa kwa biashara ya watumwa. Mwaka 1822 Seyyid alikwisha kubali kwamba watumwa wasiuzwe kwa mataifa ya Kikristo. Sasa Hamerton aliagizwa amwambie kwamba watumwa wasipelekwe Arabuni kabisa. Ombi hilo lilikuwa zito, maana kila mtumwa aliyepita forodhani alilipiwa ushuru, na masheikh wa Oman waliitegemea biashara ile. Siku za kwanza mapatano kati ya Balozi na Seyyid hayakuwa mazuri. Mwaka 1842 Seyyid alimtuma Ali bin Nasser mpaka London kusema maneno yake huko mwenyewe, badala ya kupitisha yote kwa Hamerton. Lakini majibu ya London yalikuwa yale yale. Imehadithiwa kwamba Seyyid aliposikia matakwa hayo aliyafananisha na amri ya Izraili, malaika wa mauti, ambayo haina jawabu ila kutii.

Tarehe 2 Oktoba 1845 mkataba ukatiwa sahihi, nao ukaanza kazi tarehe 1 Januari 1847. Watumwa walikatazwa kutolewa katika nchi za Seyyid za Afrika kupelekwa ng'ambo, na manowari za Kiingereza zilipewa ruhusa ya kuvikamata vyombo vilivyovunja sheria. Lakini ndani ya milki yake ya Afrika, kutoka Kilwa mpaka Lamu pamoja na visiwa, watumwa waliweza kusafirishwa kama zamani. Hapa ndipo msomaji aangalie sana. Mlango wa kaskazini ulifungwa kwa maneno, na manowari za kuulinda zilikuwa chache. Mlango wa Unguja na Pemba uliachwa wazi. Mashamba ya karafuu yakazidi kuomba mikono, na misafara ikazidi kushuka Kilwa kutoka pande za Ziwa Nyasa. Mtoto aliyekamatwa huko bara hakujua kama kuna mkataba.

Hata hivyo tusimnyime Hamerton haki yake. Alijua kusema na watu wa nchi, akakaa miaka kumi na sita katika joto na homa, na polepole Seyyid akamzoea na kumwamini, hata mambo makubwa ya nchi yakawa hayapiti bila shauri lake. Mwaka 1844 alimpokea Dr. Krapf akamjulisha kwa Seyyid, naye Krapf akapewa barua ya kumwezesha kukaa pwani. Kwa njia ile Krapf alifika Mombasa, akaanza kuandika sarufi ya lugha yetu, ambayo ilipigwa chapa mwaka 1850. Sisi waalimu tunaokula kwa kalamu tuna deni hapo.

Lakini kuna jambo lingine lililokua kimya kimya. Wahindi wengi walikuwa wakifanya biashara Unguja, na msimamizi wa forodha mwenyewe alitoka katika nyumba ya Jairam Shivji. Hamerton alishika neno kwamba watu wa Bara Hindi ni raia wa Uingereza, nao wako chini ya ulinzi wake. Seyyid hakulipenda neno hilo, na kwa haki. Maana kama mwenye kushika mifuko ya mji yuko chini ya Balozi, basi Balozi amekuwa na kiti chake ndani ya mji, si mgeni wa barazani tu.

Seyyid Said alifariki baharini mwezi wa Oktoba 1856, akirudi kutoka Oman. Hamerton naye alikuwa mgonjwa, lakini hakurudi kwao. Aliwakaribisha Burton na Speke nyumbani kwake, na mwezi wa Juni 1857 akawavusha mpaka bara kwa marikebu ya Seyyid Majid iliyoitwa Artemise. Tarehe 5 Julai akafa chomboni humo, miezi isiyotimia tisa baada ya rafiki yake.

Yaliyofuata yanatufundisha zaidi. Wana wa Seyyid waligombana juu ya urithi, Thuwaini huko Oman na Majid hapa Unguja. Mwaka 1861 mkubwa wa Waingereza katika Bara Hindi, Lord Canning, ndiye aliyekata shauri kwamba Unguja iwe mbali na Oman, nayo iilipe Oman riale 40,000 kila mwaka. Mshauri wa baba akawa mwamuzi wa wana. Mwaka 1873 Seyyid Barghash alifunga soko la watumwa kwa kulazimishwa na Balozi Kirk. Mwaka 1890 Unguja ikawekwa chini ya ulinzi wa Waingereza, na ulinzi ule ulikoma Desemba 1963.

Sasa nalirudia swali la yule mtoto. Hamerton alikuwa mtumishi wa waliomlipa mshahara, wala hakuwaficha watu jambo hilo. Urafiki wake na Seyyid ulikuwa wa kweli, na shauri lake juu ya watumwa lilikuwa na wema ndani yake, ingawa lilikuwa nusu ya wema. Lakini urafiki wa mtu mmoja hauufungi utawala uliomtuma. Yeye alikufa pamoja na urafiki wake. Kiti alichokifanya barazani kilibaki, wakakikalia wengine.

Wazee husema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Ni neno jema, nasi tusiliache. Ila mwenyeji mwenye akili humpa mgeni maji ya kunywa, akamsikiliza shauri lake mpaka mwisho, kisha akajiuliza moyoni: Shauri hili likiharibika, atakayelia ni nani, yeye au mimi? Hilo ndilo jibu nililompa yule mtoto wiki iliyofuata. Akalifikiri kidogo, akasema, "Basi, Mwalimu, Seyyid alijua." Nami naona alisema kweli. Seyyid alijua, lakini hakuwa na manowari za kutosha.